Mama Justa na Sahani Nyekundu

Tarehe 30 Juni 1999 Bi. Justa Nkwabi anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya Nyamagana. Aliingia kama mwosha vyombo, akasomea ufundi huku akifanya kazi, na anaondoka akiwa mkuu wa kitengo cha bakteria. Vyombo bado anavikagua mwenyewe, na anayeosha ovyo anamfahamu.

Zamani tulipima zaidi maji ya visima na maziwa. Viwanda binafsi vya minofu ya sangara vilipoanza kufunguliwa ufukweni, tukaletewa samaki wa kwenda Ulaya, na sahani nyekundu za Mama Justa, za kuoteshea bakteria, zikapata umaarufu. Chakula kilichomo huzuia bakteria wengi wasiote. Baadhi ya wanaoota hukigeuza njano, lakini Salmonella, bakteria wa kuharisha tuliokuwa tukiwatafuta, huota na kitovu cheusi.

Utaratibu wake haukubadilika. Bakteria waliotoka kwenye barafu, alitufundisha, ni wagonjwa. Ukiwaweka moja kwa moja kwenye chakula kile kikali hawataota, na sahani itakudanganya. Kwanza wakae siku nzima kwenye mchuzi mwepesi wapate nguvu. Sisi tuliuita uji wa wagonjwa, naye alituacha tucheke.

Mwaka 1995 mzigo wa Bwana Mahesh, mwenye kiwanda kule Igogo, ulikuwa unasubiri ndege. Fundi mmoja aliyekuwa bado kwenye majaribio ya kazi aliruka uji ili kuokoa muda. Sahani zikatoka safi, akamwarifu Bwana Mahesh kwamba cheti kiko tayari. Mama Justa alitafuta chupa za mchuzi, hakuziona. Akakichana cheti na kuanza kupima upya.

Siku ya nne vitovu vyeusi vilikuwa vimejaa, na samaki hawakusafiri. Bwana Mahesh alikuja juu, akitaka kujua nani alimwahidi cheti. Mama Justa akajibu kwamba kosa ni lake. Kwa miaka miwili bwana yule hakuitikia salamu yake, naye hakujitetea hata siku moja.

Fundi yule ni mimi. Angenitaja, nisingethibitishwa kazini, na nyumbani nilikuwa na mtoto wa wiki mbili. Bwana Mahesh, najua umealikwa leo. Kosa lilikuwa langu.

Mama, umenistahi vya kutosha. Asante. Sote tunakuombea afya njema na mapumziko marefu yenye furaha.

Masalu Luhende
Mkuu mpya wa kitengo cha bakteria