Asali Iliyoganda

Mzee mfugaji nyuki alikuwa amepakata chupa ya asali kwenye treni, utadhani kapakata mtoto mgonjwa. "Maabara wameikataa," alimlalamikia dada wa kiti cha pembeni. "Wanasema imeunguzwa. Na kweli niliichemsha. Ni ya alizeti tupu, ikaganda, nikaogopa wataniambia nimetia sukari."

Saini kwenye barua ya maabara ya kuikataa ilikuwa ya dada huyo. "Ya alizeti huganda upesi, baba. Kule kuganda ndiko kungekupitisha."

"Marehemu mke wangu aliniambia vivyo hivyo, nikamwita mbishi. Haya ndiyo mavuno yake ya mwisho. Hebu onja, mwanangu."

Treni ikasimama kituo cha dada. Kule maabara alikuwa ameipima asali ile siku tatu bila kuilamba hata tone. Akachovya kidole, milango ikafungwa.