Mama Kengele, Aliyewatafutia Shule Watoto wa Wageni

Marehemu, tuliyemwita Mama Kengele, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, kitindamimba wa mjenzi wa barabara na mkewe. Alipolia mara ya kwanza, kuku walitaga kabla ya zamu yao. Asiyeamini akawaulize kuku.

Alianza shule mwaka 1965. Baba alihama kila barabara ilipokwisha, hivyo kila alipozoea dawati, safari. Ugeni wa darasani aliujua, pamoja na kula peke yake wakati wenzake wanacheza.

Mwaka 1983 aliajiriwa na kampuni iliyopokea familia za wageni waliohamia mjini kikazi. Aliwatafutia watoto shule: za mtaala wa kwao au wa hapa, za bweni au za kutwa. Wazazi waliulizia maabara. Yeye aliwafikisha kengele ya mapumziko ikilia, akamwachilia mtoto uwanjani. “Akirudi bila kiatu kimoja,” alisema, “shule imepatikana.”

Mwaka 1987 alikuja mhandisi wa madaraja, mgane, na bintiye wa miaka minane. Shule ya kwanza tu, binti akarudi na kiatu kimoja. Mhandisi akasema ngazi ni nyingi. Ya pili, kengele kali. Ya tatu, mwalimu mkuu ana ndevu zisizoaminika. Naye Mama Kengele, bingwa wa njia za mkato, akaanza kupita njia ndefu. Muhula ukafunguliwa, binti bado yuko kiti cha nyuma. Kampuni ikaonya: asipoingia darasani kufikia Ijumaa, baba na mwana watarudishwa kwao.

Alhamisi, kwenye lango jingine, mhandisi akakohoa. “Rangi ya ukuta inaumiza macho.”

“Baba, mimi nilishapata,” binti akasema. “Anayetafuta hapa ni wewe.”

“Natafuta nini?”

“Muulize aliyeshika usukani.”

Mama Kengele akazima gari. “Ungesema mapema, bwana, tungeokoa mafuta.”

Kesho yake binti alipanda ngazi zile zile nyingi. Ndoa ilifungwa tarehe 12 Desemba.

Mwaka jana moyo wa Mama Kengele ulianza kuchoka. Mchana wa tarehe 3 Juni 2024, hospitalini, alimshika mumewe mkono. “Mzee, natangulia kukagua. Ukija, usianze kuhesabu ngazi.” Mume akacheka, muuguzi akacheka, naye akaondoka kicheko kikiwa bado chumbani.

Ameacha mume, binti wa kiti cha nyuma, ambaye leo ni mwalimu mkuu wa shule ile ya ngazi, wana wawili, wajukuu watano, na dada yake mkubwa, shahidi wa habari ya kuku.

Apumzike kwa amani, na huko aliko awe ameshapoteza kiatu kimoja.