Busu la Kwenye Paji

OPERETA: Moscow, mtu wenu ameingia kibanda cha simu. Mna dakika tano. Ongeeni.

GLAFIRA: Haloo? Nani huko?

RIMMA: Glafira Petrovna? Rimma hapa, wa studio, yule mkata filamu. Hamjambo huko? Telegramu ya kukuita uliipata?

GLAFIRA: Niliipata. Ilinikata maini. Kwetu telegramu si kitu cha kuchezea.

RIMMA: Nisamehe. Hajafa mtu.

GLAFIRA: Haya, sema upesi. Mama mkwe wangu, Ustinya, yuko hapo benchini na mlango wa kibanda haufungi. Bahati masikio yake mazito.

RIMMA: Ni ile picha ya filamu tuliyopiga stesheni. Mlivyokuja na makoti yenu ya wakati wa vita—

GLAFIRA: Si mlisema tuje nayo?

RIMMA: —mkaambiwa kila mmoja amuage askari wake. Wenzako walilia, wakakumbatiana. Wewe ukamvua yule mwigizaji kofia.

GLAFIRA: Niliharibu?

RIMMA: Umeibeba filamu nzima. Ngoja nikwambie ninachokiona mezani kwangu. Moshi wa treni unapita, watu wote wanapotea. Moshi ukiondoka, mmebaki wawili. Theluji imemkaa kwenye nywele, wewe huifuti. Unamvuta kichwa taratibu. Halafu behewa linaondoka naye, na mikono yako inabaki pale pale hewani, kama bado imemshika. Nimeiona mara arobaini. Kila mara naenda kunawa uso.

GLAFIRA: Basi sikuharibu.

RIMMA: Lakini Glafira, Glasha wangu, ulimbusu kwenye paji la uso.

GLAFIRA: Sikumbuki.

RIMMA: Paji hubusiwa maiti, kabla jeneza halijafunikwa. Wakuu wa studio wameuliza kwa nini, na kesho asubuhi nafunga kazi. Mimi nilimbusu mtu hivyo mara moja, kule Leningrad. Uliniambia mumeo Yefim alipotea vitani, hamjapata habari—

GLAFIRA: Punguza sauti.

(Simu inakwaruza.)

GLAFIRA: Ikate. Ikate hiyo picha, Rimma Lvovna, nakuomba.

RIMMA: Kwa hiyo karatasi ya kifo ilikuja.

GLAFIRA: Mwaka arobaini na tatu. Tarishi nilimkuta langoni. Mama alikuwa mgonjwa, nikasema nitamwambia akipona. Akapona, nikasema baada ya mavuno. Tumevuna mara ngapi tangu hapo? Kila jioni anamwekea mwanawe kijiko mezani, naona aibu hata kumeza. Na hiyo filamu anaingoja kuliko Pasaka. Bado iko mikononi mwenu, yeye keshapiga pasi kitambaa cha kichwa cha kwendea klabuni, kwenye sinema ya kijiji. Atakaa mstari wa mbele aone ninavyomzika mwanawe. Huyu mama ndiye—

USTINYA: Glasha, farasi kafunguka.

GLAFIRA: Nimemfunga mwenyewe, mama.

USTINYA: Basi kajifunza kufungua. Nenda, au unataka turudi na tope hadi magotini?

GLAFIRA: Dada, usiondoke. Mama, shika hiki, usibonyeze kitu.

USTINYA: Nibonyeze nini? Nenda. (Glafira anatoka.) Wewe mwenye mkasi, upo?

RIMMA: Nipo, mama.

USTINYA: Farasi kafungwa vizuri tu. Sikiliza. Ile karatasi kaificha ndani ya kiatu cha Yefim, kwenye kasha. Viatu vya mwanangu nani anavipaka mafuta? Niliiona mwaka uliofuata. Kusoma sijui, lakini muhuri naujua. Jirani aliletewa kama huo.

RIMMA: Na kijiko, mama?

USTINYA: Nikikiondoa, atajua najua. Anadhani ameniegemeza nisianguke. Nikimwambia, atajiuliza miaka yote hiyo alikuwa anamhangaikia nani. Usikate. Mwanangu amefukiwa nisikokujua, hakuna aliyembusu paji. Nataka nione akibusiwa. Kitambaa cha msiba nimeshakinyoosha, na yeye wala hajatazama rangi. Anakuja. Hatukuongea.

GLAFIRA: Yupo pale pale, mama. Kamba haijaguswa.

USTINYA: Ndiyo uzee huo, mwanangu. Macho.

GLAFIRA: Rimma Lvovna? Kakwambia nini?

RIMMA: Kauliza kama Moscow theluji imeisha.

GLAFIRA: Utaikata, si ndiyo?

OPERETA: Moscow, nusu dakika.

RIMMA: Siikati, Glasha.

GLAFIRA: Nimekuomba kama dada yangu.

RIMMA: Umeniomba. Nichukie ukitaka. Siku ya filamu kaa ubavuni kwake, umshike mkono kabla moshi haujapita.

GLAFIRA: Mkono utasaidia nini? Utaniulia mtu, wewe, na mimi ndiye nitakayebaki na—

RIMMA: Hicho kitambaa alichopiga pasi. Cha rangi gani?

GLAFIRA: Unauliza kitambaa sasa hivi? Ni kile tu cha siku zote, chenye mau— Hapana. Cheusi.

RIMMA: Glasha.

GLAFIRA: Ni cheusi, Rimma Lvovna. Nilikipita kwenye kamba asubuhi—

OPERETA: Muda umekwisha. Nakata.