Nusu Saa ya Gunia

Kwenye kona ya soko, Kitale, mbele ya birika la Roselyne muuza kahawa, kuna benchi ambalo limejadili kila ugonjwa duniani na halijaponya hata mmoja. Asubuhi hiyo Wabwile, aitwaye Gunia kwa kubeba magunia ya mahindi, alifika amekunja mkono wa shati. Ng'ambo ya barabara, kwenye kliniki, nesi alikuwa amemdunga sindano yake ya kwanza ya mzio wa vumbi, akamwambia akae pale nusu saa, ili mwili ukiikataa dawa asaidiwe haraka. Gunia alikaa dakika tano. Kahawa ilinukia, akatoka kimyakimya kama mwizi wa kuku.

— Ati wamekudunga nini? akauliza Mukhwana, maarufu kama Waziri.

— Vile vijidudu vya vumbi la godoro vinavyonipigisha chafya. Unadungwa kidogo kidogo, mwili uzoee.

— Woi! Si vitazaana ndani?

— Vimesagwa, bana.

— Hata unga umesagwa na bado unaingia wadudu!

Kipkemei, aliyeitwa Daktari kwa sababu aliwahi kuuza dawa ya minyoo ya ng'ombe, akatikisa kichwa.

— Mimi naogopa usiku. Vya damu vitaita vya godoro, vikubebe. Utaamka uko Kimilili.

Walicheka, Gunia akiwazidi wote.

— Mwanaume mzima, nabeba kilo tisini, nashindwa na mdudu hata simwoni!

Lakini moyoni aliogopa. Mkono ulikuwa unawasha, naye akajiambia ni shati tu.

Phelista, mama mgeni aliyengoja kikombe chake, aliiona pamba mkononi mwa Gunia.

— Na akianguka sasa hivi, nani hapa anajua kumsaidia?

Waziri akamtazama Daktari. Daktari akatazama ndani ya kikombe.

— Mimi ni wa ng'ombe, akasema polepole.

— Nimetoroka kliniki, Gunia akakiri. Nilifaa kukaa nusu saa.

Hakuna aliyecheka. Waziri akashika benchi huku, Daktari kule, wakavuka barabara nalo, Gunia ameketi katikati, Roselyne nyuma na birika. Nesi akawakuta mlangoni, akaukagua ule mkono, akamsikiliza kifua.

— Uko sawa. Lakini nusu saa inaanza upya, na usinyanyuke hapo!

Kahawa iliisha dakika ya kumi na mbili. Hakuna aliyeondoka.