Sadaka ya Magurudumu Manne

Kijiwe chetu ni benchi lililo mbele ya saluni ya Rozelle, kinyozi wa mtaa, mkabala na kanisa la Kibaptisti, mjini Macon, jimbo la Georgia. Rozelle huchemsha birika moja kubwa la kahawa asubuhi, na likiisha kila mtu anarudi kwake. Jumamosi hiyo tulikuwa wanne: mimi, Jaji, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa mahakama hadi alipostaafu, Mbavu, anayechoma mbavu za nguruwe na kuuza wikiendi, na Shemasi, ambaye kwa jina ni Lavelle Hutchins na kwa cheo ni shemasi kweli. Tulikuwa tunasubiri kuliaga gari lake.

Gari lilikuwa la mkopo. Ghala la matairi anakofanya kazi lilimpunguzia zamu, akashindwa kulipa, na mkopeshaji akaanza kutuma lori la kuvuta magari lizunguke mtaani. Kwetu sheria inawaruhusu kulichukua gari likiwa nje, ila hawawezi kuvunja banda lililofungwa. Shemasi akalifungia bandani, akawa anakwenda kila mahali kwa miguu. Kulikosa gari hakukumtisha. Alichoogopa ni kanisa zima kuliona likiburutwa.

Wazo la kulitoa sadaka lilikuwa la Jaji. Jiko la kanisa linalolisha wasio na makao hupokea magari na kuyauza mnadani, na lori lao lilikuwa linakuja siku hiyo hiyo.

— Likishaombewa ni mali ya Mungu, Jaji akasema. Hakuna hakimu wa kuligusa.

— Na deni? nikauliza.

— Deni linafuata gari. Wamdai Mungu.

Mbavu hakutaka kuachwa nyuma. Alidai kwamba mkopeshaji akimshtaki Mungu, kesi itabidi iende Washington, na kwa kuwa mshtakiwa hana anwani, barua za mahakama zitamaliza miaka zikirudi posta. Jaji akamwambia Mungu anayo anwani, iko pale ng'ambo ya barabara, tena ina sanduku la barua. Wakabishana juu ya nani angesimama kizimbani kwa niaba Yake. Mbavu akampendekeza mchungaji. Jaji akakataa, kwa sababu mchungaji akipewa nafasi ya kuzungumza hakimu atakufa njaa.

Shemasi alikuwa anacheka, lakini kikombe chake hakikupungua.

— Na kadi ya gari? akauliza. Anayo mkopeshaji. Jikoni hawataitaka?

— Shemasi, we mtu mgumu, Mbavu akamjibu. Nani anaomba kadi ya sadaka?

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa moyo mweupe. Tulikuwa tumelitoa gari bandani tangu alfajiri, tukaliosha, tukaling'arisha, Rozelle akalifunga utepe mwekundu kwenye boneti. Tukaliegesha kando ya barabara, mahali ambapo hata mwenye mtoto wa jicho angeliona.

Akina mama wapokea wageni wa kanisa wakatoka na magauni meupe na glavu nyeupe, kama Jumapili. Kiongozi wao, Mama Ernestine Gadsden, akawapanga mistari miwili, gari katikati. Wakaanza kuimba. Mbavu alikuwa ameanza na yeye, kwa sauti isiyokuwa ya wimbo huo, lori la kuvuta magari lilipokunja kona.

Tulipiga makofi. Dereva, kijana mwenye ndevu chache, alishuka taratibu, akatutazama mikono kwanza, kama mtu aliyezoea kurushiwa vitu. Mama mmoja akampa kipande cha pai ya viazi vitamu. Jaji akamwendea na kikombe cha kahawa.

— Kijana, kila kitu tayari. Kasoro kadi ya gari tu.

— Usijali, mzee. Kadi tunayo sisi.

Jaji alibaki na mkono hewani. Mbavu aliacha kuimba. Nilimwangalia Shemasi, na nikajua amesikia, kwa sababu alikuwa ameshavua kofia. Akasogea karibu yetu na kusema chini kwa chini:

— Mtu asiache kupiga makofi.

Hatukuacha. Shemasi akatoa vitu vyake garini, akampa kijana ufunguo, wakashikana mikono. Lori likalivuta gari katikati ya glavu nyeupe, utepe ukipepea, na Shemasi akalipungia hadi lilipopotea. Sijawahi kuona gari likinyang'anywa kwa heshima kiasi kile.

Tulikuwa hatujakaa vizuri lori la pili lilipofika. Hili lilikuwa na jina la kanisa ubavuni. Dereva akachungulia dirishani.

— Habari za asubuhi. Gari la sadaka ni lipi?

Jaji, mwenye jibu la kila kitu, akaenda kulitikisa birika. Lilikuwa tupu. Mbavu alikumbuka kwamba ana moto wa kuangalia. Mama Ernestine alikuwa amesimama palepale, anavua glavu kidole kimoja kimoja. Shemasi alitutazama, kisha akamgeukia yeye.

— Mama, gari limechukuliwa na wenyewe. Nilikuwa nadaiwa. Niliona aibu kuwaambia.

— Tunajua, Shemasi.

— Mnajua tangu lini?

— Tangu ulipoanza kuja ibadani umelowa jasho na viatu vina vumbi. Mtu mwenye gari zima bandani. Unafikiri lori lile lilipotokea mimi sikuona halina jina la kanisa?

— Na mkaendelea kuimba?

— Tungefanya nini? Tungelia?

Rozelle ndiye aliyeanza kucheka, halafu Mbavu, ambaye hakuwa amekwenda kokote, halafu Shemasi mwenyewe, akacheka hadi akalishika benchi. Dereva wa kanisa akazima injini, akashuka kuuliza kama pai imebaki.

Mama Ernestine akatia glavu mkobani.

— Kesho nitakupitia na gari langu, Shemasi. Ila mbele anakaa dada yangu, na mbwa wake hapendi kubanwa. Wewe utakaa nyuma, na utaimba.