Nyumba ya Wazee Si Depo

Mheshimiwa chefu, mutawala wetu wa Lushebere, Pasta, Mama Françoise muuguzi, ninyi wazee wenye nyumba hii, na ninyi watoto wao mulioketi nyuma kama wageni: mulikuwa wapi? Tangu tufungue mulango huu wazee wanafika asubui, jioni wanarudi kwao, na ninyi hata salamu! Leo munajaa kwa sababu mumesikia iko nyama. Vizuri, mutakula. Lakini kwanza munisikie mimi, Emérita. Sikusoma, kwa hiyo sina karatasi ya kunizuia.

Neno "depo" lilitoka wapi? Ku soko munacheka: "Muzee wangu nimemuweka ku depo." Depo, gala ya mizigo! Pale Mama Françoise anawaosha miguu na maji ya moto, pale wajane wanachambua maharagi wakitaniana mpaka machozi, pale muntu ambaye vita vilimutoa kijijini kwake anapata mwenye kumuita kwa jina, ndipo munaita depo?

Papa Kanyamibwa, mumoja wa wazee wetu hapa, alisikia neno hilo mu kinywa cha mwana wake. Kesho yake hakuja. Nikamufuata nyumbani.

"Papa, wenzako wanakuuliza."

"Mama Emérita, mu depo wanaweka nini?"

"Mifuko ya maharagi."

"Na mufuko unajua siku ya kutoka?"

Nikarudi hapa peke yangu. Sasa muzee analala peke yake, wote wakiwa shambani. Chakula kinapoa pembeni, hakigusi. Anaisha, ndugu zangu. Mama Françoise anamufikia mpaka kitandani, Mungu amubariki, lakini yeye anageukia ukuta. Hangojei dawa. Anangojea muntu mumoja.

Déo, usiangalie viatu. Ulisema kwa mchezo, najua. Unamupenda, na hilo najua: siku tulipokimbia vita, mvua ikinyesha, alikubeba mgongoni mpaka huku, na wewe hujamusahau. Lakini neno lililotoka mu kinywa chako, nani mwingine atalirudisha? Chefu? Pasta? Mimi?

Chefu, asante kwa bati ulizotupa za paa hili. Wapishi, asanteni kwa moshi mulioula tangu asubui. Ninyi wote, Mungu awalipe kwa masikio muliyonipa. Na wewe Déo, siku utakayorudi hapa usiniletee mchele wala sabuni. Ulete baba yako. Umushike mukono mpaka ndani, useme kwa sauti, wenzake wote wasikie, saa gani ya jioni utakuja kumuchukua. Kisha uje.