Mama Viti na Ngazi za Bustani

“Mnara wa nini, Mjomba? Kwani Mama alikuwa kampuni ya simu?”

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo yalisemwa jana, kwenye lango la bustani ya mtaa. Aliyesema ni binti wa marehemu. Mjomba wake alikuwa ameshusha saruji ya kujenga mnara wa kumbukumbu.

“Dada yangu hawezi kusahaulika hivi hivi!” akafoka mjomba.

Tunamkumbuka Mama Viti, fundi cherehani, aliyeaga dunia wiki iliyopita. Bustani ile ni kazi yake. Narudia: ni kazi yake, pamoja na majirani zake.

Zamani pale palikuwa jaa. Baraza la mji lilipoleta mchoro wa bustani, Mama Viti aliutazama, akauliza, “Aliyechora haya atakuja kukaa hapa?” Akaamuru kila nyumba ilete kiti na kukiweka inapotaka. Ukichomwa na jua, hama. Viti vikahama, vikahama, mpaka vikatulia. Vilipotulia, ndipo yalipojengwa mabenchi. Yeye mwenyewe alitamani kibanda katikati, lakini katikati hakikuwekwa kiti hata kimoja. “Basi hapo wacheze watoto,” akasema, wala hakununa. Na kwa vile viti, jina la Mama Viti likamganda.

Mwaka jana miguu ilimgomea. Binti akamsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi langoni. Ngazi! Tena ngazi alizozichagua mwenyewe. Akacheka, kisha akamwambia binti:

“Tuliwauliza waliokuja, mwanangu. Wasioweza kuja hatukuwafuata. Zibomoeni hizi, muweke mteremko.”

Alifariki ngazi zikiwa bado zipo. Hilo ndilo binti alilomkumbusha mjomba jana.

“Mjomba, Mama aliomba njia. Hakuomba jina.”

“Mbona mimi hakuniambia?”

“Alikuambia. Ukasema utaangalia.”

Mjomba, mtu wa maneno mengi, akageuka kuzitazama ngazi.

Kwa binti, kwa mjomba, kwa wajukuu na majirani wote: poleni sana. Mmempoteza mtu asiyejua kuzungusha maneno. Nasi tujiulize: mtaani kwetu, ni nani hajaulizwa kwa sababu tu hawezi kufika kikaoni? Tumfuate nyumbani kwake.

Na ule mnara, wasikilizaji wapendwa, haujengwi. Mjomba alivua koti palepale, akaomba nyundo, akaanza na ngazi ya juu. Majirani wakakoroga saruji. Ninapozungumza nanyi, mteremko unakauka. Mnaopita pale, tafadhali, msiukanyage mpaka kesho.